Mstari Chini ya Jina la Reginald

Huruma Reginald alikuja dukani kwangu Newala amebeba kompyuta ndani ya kiroba cha unga, akaniomba kona. Hakuomba kazi wala msaada, kona tu. Nina duka la kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, si mbali na stendi, na kona niliyokuwa nayo ilikuwa imejaa maboksi ya karatasi. Nikamwambia ayahamishe mwenyewe. Akayahamisha, akafuta vumbi, akaketi, na tangu hapo watu wakiniuliza yule binti ni nani wako, nasema ni mpangaji wa kona.

Sikumpenda mara moja, sitawadanganya. Alikuwa anatamka "Shikamoo, Mama Anthony" kama mtu anayesoma tangazo, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba, ameshainama kwenye kioo chake. Chai yake ilikuwa inapoa mbele yake kila siku. Ukimsimulia jambo la kuchekesha, anacheka wewe ukiwa umeshalisahau. Lakini alikuwa na adabu, ana bidii, na hasengenyi mtu, na kwa mtaa wetu hilo la mwisho peke yake linatosha kuwafanya watu waulize kama unaumwa.

Kwao ni Lupaso, kule chini upande wa Masasi, familia ya Kianglikana tangu enzi za wamisionari. Baba yake, Mzee Reginald, alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa korosho. Ndiye aliyempeleka chuo kusomea kompyuta wakati ndugu wote wanasema msichana anunuliwe cherehani. Huruma alipomaliza alirudi nyumbani na cheti, akakaa na cheti, mpaka macho ya majirani yakamchosha. Akapanda mlima akaja Newala, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anamjua wa kumuuliza ameajiriwa wapi.

Kazi aliyokuwa anaifanya kwenye ile kona ni kutengeneza kurasa za mtandaoni. Nyumba ya wageni inataka watu waone vyumba, anaitengenezea. Shule inataka wazazi wasome matokeo kwenye simu, anaitengenezea. Kisha chama cha wakulima cha kijijini kwao kikamwita kwa jambo kubwa kuliko hayo: kugawa salfa. Salfa ni ule unga wa manjano tunaopuliza kwenye mikorosho inapoanza kutoa maua. Usipopuliza, ubwiriunga unashika, maua yanageuka meusi na kukauka, na mwaka wako umekwenda na maji. Kwa hiyo nani anapata mifuko mingapi ni jambo ambalo watu wanaweza kunyimana salamu kwa ajili yake.

Zamani Mzee Silvano, katibu wa chama, alikuwa anaandika kwa mkono. Huruma akamtengenezea ukurasa. Kila mkulima alikuwa na mstari wake: jina upande wa kushoto, na upande wa kulia visanduku vya kujaza idadi ya mikorosho na mifuko ya salfa. Chini kulikuwa na kitufe cha kuongeza mstari, na pembeni ya kila mstari kitufe cha kuufuta. Ukimaliza unabonyeza tuma, orodha inafika ghalani Masasi, na salfa inakuja imeshapangwa kwa majina. Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri sana. Mzee Reginald alikuwa akisimama mlangoni mwa kanisa baada ya ibada, anawaambia watu kwamba ule ukurasa umetoka kichwani mwa binti yake. Huruma alinisimulia hayo akiwa ameinama, na masikio yake yalikuwa yanacheka.

Mwaka uliofuata, mvua za mwisho zilipokatika, Mzee Reginald alianguka shambani akipalilia, na hakuinuka. Huruma alikwenda kuzika, akakaa matanga, akarudi kwenye kona amevaa koti la baba yake. Newala kunakuwa na baridi miezi ile, ukungu unaingia mpaka dukani, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa. Mimi nilijua kwamba hakulivaa kwa ajili ya baridi.

Sasa nielezeni nyinyi, mila hizi nani aliziandika. Kwa Lupaso, Mzee Silvano ana utaratibu wake na kijiji kizima kinauheshimu: jina la marehemu haliguswi mpaka arobaini iishe. Kumfuta mtu kabla ya arobaini, anasema, ni kumsukuma mgeni nje kabla hajavaa viatu. Basi msimu wa kujaza ukurasa ulipofika, aliwajaza wanachama wote, na Reginald akiwamo na mikorosho yake yote, na chini yake Dominika, mkewe, kwa sababu Silvano huandika mke chini ya mume. Kisha akaihifadhi kazi bila kuituma, akasubiri.

Siku ya arobaini kulikuwa na ibada, watu wakala, na baada ya kula ukoo ukakaa. Mimi nilikuwepo, nilikwenda kumsindikiza Huruma. Ile mikorosho mingi ya Mzee Reginald ilikuwa kwenye ardhi aliyoipata kwa ukoo wa mama yake, na kwa watu wale mali ya namna hiyo inarudi kwa watoto wa dada. Dada wa marehemu, Bi Julia, ndiye aliyesimama kusema. Akasema mikorosho ya kaka yake sasa itashikwa na mwanawe Dickson. Wifi yake Dominika atabaki na mikorosho yake mwenyewe, ile michache aliyopewa na mama yake alipoolewa.

Dominika alikuwa amekaa mkekani, kanga imefunika nusu ya uso. Mikorosho ile aliisafishia chini miaka yote ya ndoa yake. Aliiokotea korosho mgongo ukiwa umepinda, mimba zikiwa tumboni, na mingine aliimwagilia kwa ndoo ilipokuwa miche. Akaulizwa ana neno. Akasema, "Sawa."

Mimi ni mtu wa huku huku, mila nazijua, na bado nilikasirika. Njiani kurudi nikamwambia Huruma kwamba mahakama zipo, na mjane ana haki yake. Akatazama nje ya dirisha la basi.

"Mama kasema sawa, Mama Anthony."

"Mama yako angesema nini mbele ya watu wote wale?"

Akalivuta koti la baba yake, akajifunika mpaka kidevuni.

Kesho yake Mzee Silvano alifungua ukurasa akamalizia kazi. Aliongeza mstari chini kabisa, baada ya mzee mmoja anayeitwa Husseni, akaandika Dickson na mikorosho ya mjomba wake. Kisha akapanda juu, akaufuta mstari wa Reginald. Akasoma majina, akaona yako sawa, akatuma. Namba hakuzirudia, kwa sababu alikuwa ameshazijaza mwenyewe kwa mkono wake na mashine, kama alivyoambiwa, haisahau.

Salfa ilifika, orodha ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chama. Dominika alisomewa mikorosho yote ya marehemu mumewe, na mifuko yake yote. Dickson, kijana aliyekuwa amekodi na mashine ya kupulizia, akasomewa vijikorosho vichache visivyojaza hata ua wa nyumba. Mchana ule ule simu ya Huruma ikaita. Alikuwa Bi Julia, na sauti yake niliisikia mpaka kwenye mashine yangu ya kopi.

"Umetuonyesha, Huruma. Tumekaa kikao, tumekula pamoja, mama yako akasema sawa, kumbe mmeshapanga. Kaka yangu alikusomesha ili uje utuibie?"

Huruma alisema, "Shangazi, subiri kwanza," lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Alifungua ukurasa, akaujaza majina ya uongo, akafuta mstari wa katikati, akatazama. Akafanya tena. Halafu akaweka mikono mapajani akawa ameduwaa, nikadhani amepigwa na shoti.

Alinieleza siku ile, na kwa sababu mimi ni mgumu wa kuelewa mambo hayo, alinieleza kwa ndoo. Pale bombani kwetu, maji yakiwa ya mgawo, wanawake hupanga ndoo kwenye foleni. Mmoja akichoka akaondoka katikati na ndoo yake, waliokuwa nyuma wanasogea mbele, kila mtu na ndoo yake. Ukurasa wa Huruma uliwasogeza wanawake bila ndoo. Ndani yake majina yalikuwa orodha moja na namba orodha nyingine, na kilichoyaunganisha ni nafasi tu: jina la saba linachukua namba za saba. Reginald alipofutwa liliondoka jina lake peke yake. Dominika akasogea akaketi mbele ya namba za mumewe. Isabela, jirani aliyemfuata, akaketi mbele ya namba za Dominika. Ikawa hivyo mpaka chini, ambako Dickson alikuta namba za Mzee Husseni, na namba zake halisi zikabaki hazina mtu.

"Hukuujaribu kabla hujawapa?" nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Niliujaribu sana. Nilikuwa naongeza mstari chini, naufuta huo huo. Vyama vingine nilivyovitengenezea, vikipata msiba vinafuta kabla ya kujaza kitu. Hakuna mtu aliyewahi kufutwa katikati, namba zikiwa zimeshajazwa." Akaufuta mstari wa katikati tena. "Baba ndiye wa kwanza."

Akaingia kazini. Kila mstari akaupa namba yake ya siri, isiyoonekana, ambayo inazaliwa nao na kuondoka nao. Jina na visanduku vyote vikafungwa kwenye namba hiyo, siyo kwenye nafasi. Ukifuta wa juu, wa kati au wa chini, mwingine hatikisiki. Alinionyesha, akafuta huku, akafuta kule, kila mtu akabaki na chake. Alifurahi, maskini. Alidhani kwamba kwa kuwa sasa anajua kosa liko wapi, akilieleza litaeleweka.

Tulikwenda Lupaso wote wawili. Kikao kilifanyika nje ya ofisi ya chama asubuhi, watu wamejaa, wengine wamekuja kwa ajili ya salfa na wengine kutazama aibu ya watu. Mzee Silvano aliulizwa wa kwanza. Akasema, "Mimi niliandika Dominika na mikorosho ya Dominika. Niliandika Dickson na mikorosho ya marehemu. Mungu anaona." Ilikuwa kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyotumaliza, maana kama katibu aliandika sawa, aliyebadilisha ni nani?

Bi Julia alimgeukia Huruma. Hakupiga kelele kama kwenye simu, aliongea polepole, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Mwanangu, ni wewe uliyeitengeneza hii mashine?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na mama yako akajikuta na mikorosho ya kaka yangu."

"Mistari ilisogea, shangazi. Majina yalipanda, namba zikabaki. Siyo mama peke yake, angalia na wengine, Isabela ana namba za mama, na..."

"Mistari ina miguu?"

Watu wakacheka. Huruma akaendelea kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozama. Wapo waliokuwa wamepata zaidi ya haki yao, nao waliangalia chini kama wanatafuta sindano. Waliopungukiwa walisema ametuvuruga sote makusudi ili mama yake asionekane peke yake. Nikasimama nikasema huyu binti anakaa dukani kwangu, namjua, haibi. Mtu mmoja akaniuliza mimi ni nani kwa Lupaso, nikaketi.

"Nikuulize jambo moja tu," alisema Bi Julia. "Mistari iko mingi. Mali ya kaka yangu ingeweza kusogea kwa mtu yeyote. Mbona ilikwenda moja kwa moja kwa mama yako?"

"Kwa sababu mama ameandikwa chini ya baba," alisema Huruma.

Lilikuwa jibu sahihi kabisa, na lilisikika kama kukiri. Hata waliokuwa upande wetu waliguna. Dickson, ambaye ndiye aliyepunjwa, hakuinua uso muda wote ule. Kijana wa watu alikuwa anaona aibu kuliko mama yake.

Dominika alinyanyuka kutoka nyuma, ambako alikuwa amekaa na wanawake wenzake. Akasema mifuko yote iko ndani kwake, hajafungua hata mmoja, Dickson aende akaichukue. Hakujitetea wala kumtetea mtu. Dickson na rafiki zake wakaenda na toroli wakaibeba. Ndipo ikaulizwa, na mifuko ya Dominika mwenyewe je? Ilikuwa imesomwa kwa jina la Isabela, na Isabela alikuwa ameshaipuliza yote wiki ile, mikorosho yake ilikuwa imetangulia kutoa maua. Salfa ikishapulizwa nani atairudisha? Mzee Silvano akasema ataomba mingine ghalani, ingawa alijua, na sote tulijua, kwamba ghala lilikuwa tupu mpaka msimu mwingine. Kikao kikafungwa kwa sala.

Tulikwenda nyumbani kwa Dominika mchana. Nyumba ilikuwa imefagiwa, na kwenye ukuta wa chumba cha mbele kulikuwa na alama za unga wa manjano pale mifuko ilipokuwa imeegemezwa. Mikorosho yake michache iko nyuma ya nyumba. Nilipita nikaangalia maua, nikaona weupe ule wa kwanza wa ubwiriunga, kama majivu, umeshaanza kushika ncha zake. Mwenye mikorosho hakuhitaji kuambiwa.

Alitutengea ugali na kisamvu. Huruma hakula. Alikaa kwenye kigoda karibu na mama yake, akaanza upya tangu mwanzo, kwa upole, kwa zile ndoo za bombani, wanawake wanasogea, ndoo zinabaki. Dominika amechota maji maisha yake yote, na alielewa haraka kuliko mimi. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, na mkono ukasimama.

"Kwa hiyo hukuandika wewe."

"Sikuandika, Mama."

"Wala hukumwambia Silvano chochote."

"Sikumwambia."

"Hukufikiria kitu kama hicho kabisa."

"Kabisa, Mama. Naapa mbele ya kaburi la Baba. Ilitokea tu." Nilimwona Huruma mabega yanashuka. Hatimaye kuna mtu mmoja aliyemwamini, na mtu huyo ni mama yake, na kwa Huruma hilo lilitosha.

Dominika alitoa mbaazi moja mbovu, akaitupa pembeni.

"Waliponisomea ile mifuko, nilijua siyo yangu," alisema. "Nilijua pale pale. Silvano akaniambia ndivyo ilivyoandikwa. Nikasema moyoni, mwanangu ameona. Miaka yote ile shambani, na siku ya kikao hakuna hata mmoja aliyenitaja, lakini mwanangu ameona. Nikaibeba. Nisingeifungua, nisingeipuliza, nilijua wataifuata. Nilitaka tu ilale humu ndani siku chache." Akafuta mikono kwenye kanga. "Na maneno yote ya wifi yangu niliyapokea, sikujibu, maana nilisema namkinga mwanangu. Nilikuwa naona hata raha kuyapokea."

"Mama..."

"Nimeelewa, mwanangu. Ni hizo ndoo."

Huruma, aliyejua kuupa kila mstari namba yake usichanganyike na mwingine, aliokota mbaazi moja iliyoanguka akairudisha kwenye ungo. Mimi ndiye niliyelia. Macho yao wawili yalikuwa makavu.

Dominika aliinua ungo, akasimama mlangoni akiwa ametupa mgongo.

"Ningependa ungekuwa umeiba," alisema, akaingia ndani.